Kuchechemea ni Dalili: Mifupa, Mwendo na Wakati wa Tiba Afrika Mashariki

Kutembea kwa miguu miwili huonekana kazi nyepesi kwa sababu mtu mzima mwenye afya huifanya bila kuifikiria, ilhali ndani ya kila hatua mna ushirikiano wa mifupa, gegedu, kano, misuli, neva na ubongo, na ushirikiano huo ukilegea mahali pamoja tu, mwendo mzima hubadilika. Mabadiliko hayo, yawe ya kuchechemea, kuchopea, kuburura mguu au kujikongoja, yamezoeleka katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kutazamwa kama sifa ya mtu, hata akaitwa kwayo maisha yake yote. Uchambuzi huu unashikilia kwamba mwendo usio wa kawaida ni dalili, kwamba dalili hiyo ina chanzo kinachoweza kutambuliwa, na kwamba chanzo hicho mara nyingi kina muda maalumu ambao tiba au kinga hufaa, muda ambao ukishapita hubaki tu kazi ya kupunguza madhara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu takriban bilioni 1.71 wanaishi na maradhi ya mifupa, viungo na misuli, na sehemu kubwa ya mzigo huo haiui bali humwondoa mtu shambani, darasani na kazini, jambo linaloufanya usahaulike kirahisi katika mipango ya afya inayohesabu vifo.

Ili kuusoma mwendo ulioharibika ni lazima kwanza kuujua ulio mzima. Wataalamu huhesabu mzunguko wa hatua tangu kisigino cha mguu mmoja kinapogusa ardhi hadi kisigino hichohicho kinapoigusa tena. Kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko huo mguu huwa chini ukibeba uzito, na kwa asilimia 40 huwa hewani ukisogea mbele. Na kwa kuwa zamu za miguu miwili hupishana, kuna vipindi viwili vifupi, ambavyo kwa jumla hufikia kama asilimia 20 ya mzunguko, ambapo nyayo zote mbili ziko ardhini. Mtu akikimbia vipindi hivyo hutoweka kabisa, na mtu akiogopa kuanguka hurefuka, kwa hiyo hata mzee asiyelalamika maumivu yoyote huweza kujulikana kuwa amepoteza uimara wake kwa jinsi tu anavyochelewa kuuinua mguu wa nyuma.

Ushahidi wa kale wa mwendo huu uko Tanzania. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kiligundua huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizoachwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita, zenye alama ya kisigino kilichokandamiza kwa nguvu na kidole gumba kilichoelekea mbele pamoja na vidole vingine. Hata hivyo, miaka miwili kabla ya ugunduzi huo zilikuwa zimeonekana mahali pengine hapohapo Laetoli nyayo chache za ajabu, ambazo baadhi ya wataalamu walidhani ni za dubu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nyayo hizo zilifukuliwa upya mwaka 2019, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalieleza kuwa nazo ni za kiumbe wa jamii ya binadamu, ila hatua yake mojawapo ilivuka mstari wa kati, mguu mmoja ukatua mbele ya mwenzake na kupita upande wa pili. Kama huo ulikuwa mwendo wa kawaida wa kiumbe huyo au alikuwa akijizuia asiteleze, ni vigumu kuamua kwa hatua chache kiasi hicho, na ugumu huo unafundisha jambo ambalo tabibu wa leo analihitaji: hatua moja haitoshi kuhukumia mwendo.

Wala kila mwendo usiofanana na wa wengi si ugonjwa. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy, mwanasayansi wa Kenya, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kijaluo waliozoea kubeba mizigo mizito, wengine kwa kichwa na wengine kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Waligundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile walizotumia walipotembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza sababu yake: mwili wa mtu anayetembea hupanda na kushuka kidogo katika kila hatua, na wanawake hao, wakiwa na mzigo, waliihifadhi vizuri zaidi nguvu inayopatikana wakati wa kushuka na kuitumia kwa kusonga mbele. Ufundi huo haumaanishi kwamba pingili za shingo haziumii kwa miaka mingi ya ndoo na mitungi. Maana yake ni kwamba mwili uliojifunza kazi tangu utotoni huunda mwendo wake wenyewe, na mtaalamu anayepima kwa kipimo kimoja cha vitabuni anaweza kuuita kasoro mwendo ambao kwa hakika ni ustadi.

Mfupa unaobeba kazi yote hiyo ni kitu hai. Mtoto huzaliwa na vipande vinavyokaribia 300, vingi vikiwa bado vya gegedu, yaani tishu laini inayonyumbuka, na kadiri anavyokua baadhi huungana hadi mtu mzima akabaki na mifupa 206. Ndani ya mfupa kuna nyuzi za kolajeni, ambayo ni protini inayoupa unyumbufu, na fuwele za kalsiamu na fosfeti zinazoupa ugumu. Ukikosa fuwele hupinda, na ukikosa nyuzi huvunjika kwa urahisi. Seli za aina moja huumega mfupa wa zamani na za aina nyingine hujenga mpya mahali pake, kiasi kwamba kila mwaka takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima huwa imefanywa upya. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza mwaka 1892 kuwa mfupa hujipanga kulingana na nguvu zinazoukandamiza, ukinenepa unapotumika na kukonda unapoachwa. Kutokana na kanuni hiyo, mtu anayechechemea hapati hasara ya mwendo tu, kwa maana mguu anaouonea huruma hupoteza misuli na uimara wa mfupa, na ule wa pili, pamoja na kiuno, hubeba kazi ambayo haikupangiwa.

Mahali ambapo ukweli huu huonekana wazi zaidi ni kwenye nyonga. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, jambo linalotokea katika kila hatua, uzito wa mwili wake huvuta kiuno kiangukie upande wa mguu ulio hewani, na msuli ulio ubavuni mwa nyonga ya mguu uliosimama hukivuta kirudi sawa. Hali ni kama mizani ambayo mkono wake mmoja ni mfupi: kwa kuwa msuli huo uko karibu sana na kiungo kuliko ulivyo uzito wa mwili, hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa mno, na kichwa cha fupa la paja hukandamizwa kwa nguvu inayofikia mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mtu mwenyewe. Msuli huo ukidhoofika, au neva yake ikikatika, au kichwa cha fupa la paja kikisagika, kiuno huanguka upande wa pili katika kila hatua, na mgonjwa, ili asianguke naye, huuinamisha mwili juu ya nyonga iliyo mbovu. Friedrich Trendelenburg, mpasuaji wa Kijerumani, aliueleza mwendo huo mwaka 1895, na kipimo chenye jina lake hakihitaji chombo chochote: mgonjwa husimama kwa mguu mmoja, na tabibu aliye nyuma yake hutazama kama kiuno kinabaki sawa au kinaanguka.

Hapa pana kosa moja linalostahili kutajwa kwa sababu limeenea na kulisahihisha ni bure. Wagonjwa wengi wa nyonga hushika mkongojo kwa mkono wa upande unaouma, wakiamini kuwa ndio unaohitaji msaada, ilhali mkongojo hufaa ukishikwa kwa mkono wa upande wa pili, kwa kuwa ukiwa mbali na nyonga mbovu huzuia kiuno kisianguke kwa nguvu ndogo tu ya mkono, na msuli uliochoka hupunguziwa kazi. Mabadiliko hayo madogo huweza kumwezesha mtu kufika kisimani au msikitini bila dawa ya ziada, na muuguzi yeyote wa zahanati anaweza kuyafundisha kwa dakika chache.

Miendo mingine huonyesha vyanzo tofauti. Mwenye maumivu hukanyaga mguu unaouma kwa muda mfupi sana na kuharakisha kuuweka mzima. Mwenye mguu mfupi hushuka na kupanda upande mmoja bila kuharakisha. Aliyepata kiharusi huuzungusha mguu uliokakamaa kwa nje kama nusu duara. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambao ni madhara ya ubongo yaliyotokea kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa, huweza kutembea kwa ncha za vidole huku magoti yakikatizana. Aliyepooza misuli inayoinua wayo huunyanyua mguu juu mno ili vidole visikwame, na kisha wayo huangukia ardhini kwa kishindo. Aina hii ya mwisho husababishwa na mambo mengi, yakiwemo ukoma na majeraha ya goti, lakini katika nchi za ukanda huu kuna sababu moja inayouma zaidi moyoni kwa kuwa hutokea mikononi mwa watoa huduma wenyewe, nayo ni sindano ya makalio iliyochomwa vibaya.

Neva kubwa inayoshuka mguuni hupita chini ya sehemu ya ndani ya kalio, na kwa mtoto mwembamba iko karibu sana na ngozi. Sindano inayoingia mahali hapo huweza kuijeruhi neva, na dawa kama kwinini, ambayo kwa miongo mingi ilichomwa makalioni kutibu malaria, huweza kuua misuli na kuacha kovu gumu linalomzuia mtoto kuchuchumaa huku magoti yakiwa pamoja. Watafiti wameandika kuhusu madhara haya nchini Uganda, ambako watoto walifikishwa kliniki za mifupa wakiwa na mwendo uliopinda, wazazi wakikumbuka kwamba walikuwa wazima kabla ya homa. Mwaka 2011 WHO ilipendekeza atesuneti ya kuchoma kwenye mshipa badala ya kwinini kwa malaria kali ya watoto, na uamuzi huo, uliofanywa kwa ajili ya kuokoa maisha, umesaidia pia kuokoa miguu. Hata hivyo, kupenda sindano kuliko vidonge bado kumekita katika maduka ya dawa na kwa baadhi ya wagonjwa wenyewe, wanaohisi kuwa hawajatibiwa mpaka wachomwe.

Kuna mwendo mwingine ambao ni lazima utenganishwe na maradhi ya mifupa ingawa miguu ndiyo inayoonekana kuharibika. Konzo, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1938 na daktari Mwitaliano Giovanni Trolli katika Kongo ya wakati huo wa ukoloni wa Kibelgiji, humpata mtu ghafla: analala mzima, na siku inayofuata au baada ya siku chache miguu yote miwili imekakamaa, naye hutembea kwa vidole, magoti yakisuguana, au hashiki mwendo kabisa. Mifupa yake haina kasoro yoyote. Kilichoumia ni njia za neva zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye uti wa mgongo, na chanzo chake ni sianidi itokayo katika muhogo mchungu usioloekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa kwa watu ambao chakula chao kina protini kidogo mno, kwa kuwa mwili huhitaji asidi za protini zenye salfa ili kuiondoa sumu hiyo. Mlipuko mkubwa ulitokea Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame wa mwaka 1981, na mwingine Tarime, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1985, na ndani ya Kongo ugonjwa huu haujaisha. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na ulemavu wake haurudi nyuma.

Kinachosikitisha ni kwamba akina mama wa maeneo hayo wanajua kuusindika muhogo. Walichokosa ni muda, kwa sababu njaa, ukame au haraka ya kuuza hupunguza siku za kuloweka. Kwa hiyo njia iliyobuniwa na watafiti wa Australia wakiongozwa na Howard Bradbury, na kujaribiwa Kongo, ilitafutwa iendane na hali hiyo: unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, kisha huachwa kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, ili kimeng'enya kilichomo kivunje sumu na sianidi itoke kama hewa, na unga hupikwa siku hiyohiyo. Hakuna daktari wa mifupa anayeweza kufanya kwa miguu ya mtoto huyo kile ambacho saa tano za kivuli zingeweza kufanya.

Maji nayo huingia mifupani. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania, miamba ya volkano hutoa floraidi nyingi katika visima na mito, na mikoa ya Arusha na Kilimanjaro inajulikana tangu zamani kwa meno yenye rangi ya kahawia. Meno hayo ni onyo la juu tu. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi huchukua nafasi ndani ya fuwele za mfupa, ikaufanya uonekane mzito kwenye picha ya eksirei lakini uwe mwepesi kuvunjika. Kano huanza kugeuka mfupa, mgongo hukakamaa, na kwa watoto wanaokua magoti huelekeana na kugongana au miguu ikapinda kwa nje, hata mtoto akatembea akiyumba pande zote mbili. Kiwango kinachopendekezwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, lakini kwa miaka mingi Tanzania ilivumilia miligramu 4 kwa lita, kwa kuwa vijiji vingi visingepata maji mengine. Magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive haraka huongeza floraidi juu ya ile ya kisimani, jambo ambalo familia nyingi haziambiwi.

Katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, mkoani Arusha, dawa iliyotegemewa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuru kwa joto lililodhibitiwa, husagwa kuwa chembe, kisha maji hupitishwa humo kwenye ndoo au tangi. Floraidi hunaswa na zilezile fuwele za kalsiamu na fosfeti ambazo zingeinasa ndani ya mguu wa mtoto. Chujio hilo hujaa baada ya muda na lazima mkaa ubadilishwe, na mtumiaji hawezi kulijua hilo kwa macho wala kwa ladha, kwa hiyo udhaifu wa njia hii uko katika ufuatiliaji: familia inaweza kuendelea kuchuja kwa imani maji ambayo hayachujwi tena. Ndiyo maana kuleta maji ya chanzo kingine kwa mabomba, pale inapowezekana, ni bora kuliko kuiachia kila kaya jukumu la kemia.

Matege huchanganya watu kwa sababu miguu ya kupinda si ugonjwa kwa kila umri. Takriban kila mtoto anayeanza kutembea ana miguu iliyopinda kwa nje, ambayo hunyooka anapokaribia miaka miwili. Kisha magoti huelekeana, hasa kati ya miaka mitatu na minne, na kufikia miaka saba mguu huwa umechukua umbo la utu uzima. Panapofaa kuingia wasiwasi ni pale mguu mmoja unapopinda kuliko mwenzake, au upindaji unapoongezeka baada ya miaka miwili, au vifundo vya mikono vinapovimba na mtoto akachelewa kutembea. Dalili hizo huashiria rikets, ugonjwa ambao gegedu linalokua kwenye ncha za mifupa halipati madini ya kuligeuza kuwa mfupa mgumu. Vitabu vya Ulaya vimeuhusisha zaidi na upungufu wa vitamini D na ukosefu wa jua, lakini utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wengi wanaopigwa na jua la kutosha huugua kwa sababu chakula chao cha nafaka hakina kalsiamu, na walipona zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa na mboga za majani zina nafasi kubwa hapa kuliko chupa ya vitamini inayonunuliwa kwa gharama. Mtoto akitibiwa mapema miguu mara nyingi hunyooka yenyewe anapokua, na akichelewa hadi gegedu hilo lifunge, kinachobaki ni kukata mfupa na kuupanga upya.

Hakuna hali inayoonyesha thamani ya wakati kuliko mguu kifundo, yaani wayo unaozaliwa ukiwa umegeuka kwa ndani na chini, hali inayompata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Kwa muda mrefu ulitibiwa kwa upasuaji mkubwa ulioacha wayo mgumu wenye maumivu ukubwani. Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1950 kuwa kano za mtoto mchanga hunyumbuka kiasi cha kuweza kurekebishwa kwa mikono. Mtaalamu huweka kidole gumba juu ya kichwa cha talasi, mfupa wa wayo unaobeba muundi, na kukifanya kiwe egemeo, kisha huusukuma wayo taratibu uelekee nje bila kukigusa kisigino, kwa kuwa kisigino hufuata chenyewe kikiachwa huru. Mguu hufungwa hogo la plasta hadi juu ya goti, na kila baada ya wiki moja hogo hilo hutolewa, wayo husogezwa kidogo tena na hogo jipya hufungwa, mara tano au sita hivi. Mwishoni, kwa watoto wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo chini ya ganzi, ikaachwa iunge kwa wiki tatu ikiwa imerefuka.

Uganda ilitoa mfano ambao nchi nyingine zimeuiga. Kuanzia miaka ya 2000, mradi uliowahusisha Shafique Pirani, daktari wa mifupa wa Kanada aliyezaliwa Uganda, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere na wizara ya afya, uliwafundisha matabibu wasio madaktari bingwa kufanya kazi hiyo katika hospitali za mikoa, kwa sababu madaktari wa mifupa walikuwa wachache mno kuliko watoto. Sehemu ngumu haikuwa plasta. Baada ya wayo kunyooka, mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, kwa saa 23 kila siku katika miezi mitatu ya mwanzo, na baadaye usiku tu hadi miaka minne. Na mzazi anayeona mguu umenyooka hushindwa kuelewa kwa nini mtoto aendelee kulia usiku katika kifaa hicho. Wanaoviacha viatu mapema ndio wanaorudi kliniki na mguu uliojikunja tena, wengi wao wakiwa wametoka mbali kwa nauli ya kukopa, na lawama kwa mama zisizo na maelezo hazijawahi kumrudisha mtoto yeyote kwenye viatu.

Mifupa inayovunjika ina historia tofauti, kwani pikipiki za bodaboda zimebadilisha wodi za mifupa katika muda wa kizazi kimoja. Fupa la paja, lililo refu kuliko yote, likivunjika huweza kumwaga ndani ya paja lita nzima ya damu, na likiunga vibaya mguu hufupika au wayo huelekea pembeni. Matibabu ya zamani yalikuwa kumlaza mgonjwa kwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, ambapo mfupa huunga huku goti likikakamaa na familia ikipoteza mapato. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ni miongoni mwa hospitali zilizonufaika na msumari uliobuniwa na shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na Lewis Zirkle nchini Marekani, ambao huingizwa ndani ya uboho wa mfupa na kufungwa kwa skrubu kwa kufuata mkono wa chuma ulio nje ya mguu, bila kuhitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati wa upasuaji. Kwa hospitali zisizo na mashine hiyo, tofauti ni kati ya mgonjwa kusimama kwa magongo baada ya siku chache na kulala kitandani kwa miezi miwili.

Wengi, hata hivyo, huanzia kwa mhazigi, mganga wa jadi anayeunga mifupa, na si haki kumdharau bila kuangalia anachofanya. Mifupa mingi ya watoto huunga vizuri kwa banzi na utulivu, na mhazigi yuko jirani, hutoza kidogo na huzungumza na mgonjwa. Hatari iko katika banzi lililofungwa kwa kukaza kwenye kiungo kinachoendelea kuvimba: damu hushindwa kupita, vidole huwa baridi na kufa ganzi, maumivu huongezeka badala ya kupungua, na baada ya takriban saa sita misuli huanza kufa bila kurudi. Mtoto aliyeingia na mfupa uliovunjika hutoka amekatwa mguu. Kumfundisha mhazigi kulegeza banzi vidole vinapopoa, na kumpeleka hospitalini mwenye jeraha lililotoa mfupa nje, kungeokoa viungo vingi zaidi kuliko kumpiga marufuku, kwa maana marufuku humhamisha tu kwenye usiri.

Ipo pia hali ambayo haiwezi kusubiri hata wiki, nayo ni mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga. Bakteria, hasa stafilokoka, huingia mfupani kupitia damu, na antibayotiki ikianza mapema mtoto hupona kabisa. Ikichelewa, kipande cha mfupa hufa, usaha hutafuta njia ya kutokea kwenye ngozi, na jeraha hutiririka kwa miaka. Wazazi mara nyingi hukumbuka kuwa alianguka shuleni, na anguko hilo la kawaida ndilo linalowapotosha watu wote. Watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ulioenea sana katika nchi za ukanda huu, wamo hatarini zaidi, na wanapofikia ujana baadhi yao hupoteza kichwa cha fupa la paja kwa kukosa damu, wakaanza kuyumba kwa ule mwendo alioueleza Trendelenburg wakiwa na umri wa miaka ishirini tu.

Kwa wazee, suala hubadilika kutoka umbo la mwendo kwenda kasi yake. Mfupa hufikia uimara wake wa juu karibu na umri wa miaka 30, kisha hupungua, na kwa wanawake hupungua kwa kasi baada ya hedhi kukoma. Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao kwa furaha kubwa sasa wanazeeka, wengi hutumia dawa yenye tenofovia, ambayo hupunguza kidogo uzito wa mifupa katika miaka ya mwanzo ya matumizi. Hiyo si sababu ya kuiacha, ila ni sababu ya kliniki za dawa hizo kuuliza kuhusu maanguko. Mashine za kupima uzito wa mfupa ni chache na ziko mijini, lakini kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa uzee kinaweza kufanyika katika korido ya zahanati yoyote. Mita nne hupimwa sakafuni, mzee huombwa atembee kwa kasi yake ya kawaida, na muda huangaliwa kwenye simu. Anayetumia sekunde tano au zaidi anakwenda kwa kasi isiyozidi mita 0.8 kwa sekunde, kiwango ambacho wataalamu hukihesabu kuwa dalili ya udhaifu mkubwa wa misuli iwapo nguvu zake za kushika na za kuinuka kitini nazo zimepungua. Mzee huyo anahitaji mayai, maharage au samaki katika mlo wake, zoezi la kuinuka kitini bila kutumia mikono mara kadhaa kila siku, macho yaliyopimwa, taa kwenye njia ya choo, na mtu wa kumpima tena baada ya miezi mitatu katika korido ileile.